Imakulata, Uyoga na Ekari Tatu za Mitundu

Saa kumi na mbili asubuhi imepita kidogo. Mvua imekatika, ila miti bado inadondosha matone, na Imakulata Nikolaus anatembea peku huku kainama kama mtu aliyeangusha sindano. Kikapu kipo mkononi, kisu kidogo kakichomeka kwenye fundo la kanga. Haongei. Ukimuuliza jambo anakuinulia kiganja, maana yake subiri.

Anasimama mbele ya kichuguu. Ubavuni mwake umeota uyoga mmoja mweupe, mpana kama ungo, shina lake nene kuliko mkono wa mwenyewe. Jana jioni, anasema, haukuwapo. Anachuchumaa na kuutazama kwa muda mrefu, kisha anacheka peke yake.

"Miaka hamsini nauona huu," anasema. "Mpaka leo ukitokea, moyo unanishtuka."

Imakulata ana umri wa miaka 58, mjane, mama wa watoto wanne ambao wote wameshajitegemea. Anaishi kitongoji cha Ikolomyo, wilayani Sikonge mkoani Tabora, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka barabara kuu. Zamani huku ndiko ilikopita misafara ya wapagazi kuelekea ziwani. Siku hizi yanapita malori ya tumbaku na pikipiki zilizofungwa madumu ya asali, na ikifika masika wanawake hukaa kando ya barabara na ndoo zao za uyoga.

Ndoo ndogo ya lita kumi anaiuza shilingi elfu nane, siku nzuri elfu kumi na mbili. Unaobaki anaukausha juani kwa ajili ya kiangazi. Kwa miezi mitatu ya uyoga, anasema, anapata chumvi, sabuni na dawa za mwaka mzima, na mboga ya kumkaribishia mgeni bila kuona haya.

Lakini huyu mama si mtu wa kuzungumzia bei. Mkalishe akueleze kazi yake, naye atakueleza habari za mchwa.

Kumbe wale mchwa wanaotutafunia milango ni ndugu wa wakulima. Ndani ya kichuguu, mchwa wa huku wana mashamba. Wanabeba majani makavu na vipande vya miti, wanavitafuna, wanavipanga chini gizani, na juu ya samadi hiyo wanaotesha kuvu mweupe wanaoula. Bila kuvu, mchwa hawezi kumeng'enya mti anaoubeba. Bila mchwa, kuvu haupati pa kuishi. Mvua ikinyesha vya kutosha, shamba lile linasukuma shina juu, linapasua udongo mgumu kama saruji, na asubuhi binadamu anakuta ungo mweupe umekaa juani.

"Mdudu hana macho," Imakulata anasema, "halafu analima kuliko sisi. Na mbegu hanunui kwa mkopo."

Anaukata uyoga juu kidogo ya udongo, haung'oi. Anaugeuza, anaupigapiga mgongoni kwa kiganja ili vumbi lake lianguke palepale, kisha anaulaza kikapuni. Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake mzaa mama, pamoja na sharti la kuacha mmoja kati ya kila mitatu, na onyo la kutomfuata kobe. Kobe anakula hata uyoga wa sumu na asubuhi anatembea zake. Wewe ukimwiga, hiyo asubuhi huioni.

Kutoka kwenye kichuguu anaingia ndani zaidi, na hapa ndipo penye kisa chenyewe. Ni kipande cha msitu cha ekari tatu nyuma ya nyumba yake, kimejaa miti ya miombo ambayo Wanyamwezi wanaiita mitundu. Chini yake, kwenye majani yaliyooza, umetapakaa uyoga wa njano, mwekundu, wa rangi ya kutu, na mwingine mdogo wa zambarau ambao mtu mgeni angeukanyaga bila kujua. Harufu yake ni ya udongo na ya mkate kwa pamoja. Hata mtu aliyekuja na haraka zake anajikuta amepunguza hatua.

Zamani zilikuwa ekari nane.

Mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya mumewe Sixbert kufariki, Imakulata alikubali ekari tano za upande wa magharibi zikatwe. Shemeji yake, Revocatus, mdogo wa marehemu, alikuwa anapanua shamba la tumbaku na alihitaji ardhi, na kuni za bani pia, ile nyumba ya kukaushia majani kwa moto. Bani inakula kuni usiku na mchana kwa siku kadhaa kwa kila mkaushio. Imakulata naye alikuwa na mtoto wa mwisho sekondari. Walikaa, wakaelewana, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake.

Ila aliweka sharti moja. Alizunguka ekari zile tano kwa siku mbili, na kila mahali alipojua panaota uyoga akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Vijiti vilifika mia moja na kitu. Akawaambia wakataji wachukue miti, lakini pale penye kijiti wasikanyage, wasiburute gogo, wasichome moto. Akawapikia ugali na kushinda nao, akiwaangalia miguu.

Wakataji walimheshimu. Revocatus naye akailima ardhi kwa kuvikwepa vijiti, akiviacha visiwa vidogo katikati ya matuta ya tumbaku, na majirani wakamcheka wakauliza kama shemeji yake amezika watoto humo. Yote hayo yalifanyika ili uyoga usisumbuliwe.

Masika yaliyofuata Imakulata alikwenda kwenye vijiti vyake na ndoo mbili. Akakuta udongo mtupu. Akajipa moyo kwamba labda mvua imechelewa. Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Mwaka wa pili hivyohivyo. Mwaka wa tatu akaenda na ndoo moja, akarudi nayo akiwa ameijaza kisamvu alichochuma shambani kwake, asionekane na watu akitoka mikono mitupu.

"Nilijua uyoga ni mali ya udongo," anasema. "Miti ni ya juu, uyoga ni wa chini, vinahusiana wapi? Nikalinda chini, nikaachia juu. Nilijiona nina akili, jamani."

Aliumia, na haoni aibu kulisema hilo. Alidhani ni laana. Alidhani Sixbert amekasirika alipo. Aliungama kanisani kosa ambalo hata yeye hakujua ni lipi, na padri, maskini, akampa kitubio cha Salamu Maria tatu akaishia hapo.

Jibu lilikuja miaka mitatu iliyopita kwa miguu ya mtafiti kijana anayeitwa Julieth, aliyetoka mjini Tabora kuhesabu aina za uyoga zinazoliwa Sikonge. Alifika na daftari na viatu vya plastiki, akasalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kwa siku nne akawa anamfuata Imakulata nyuma kama kifaranga. Mama alimpenda kwa sababu aliuliza kabla ya kugusa.

Siku ya nne Imakulata akamwonyesha zile ekari tano na kumsimulia habari ya vijiti. Julieth hakucheka. Alimwomba warudi kwenye zile ekari tatu, akapiga magoti kando ya mtundu mmoja mkubwa, akafukua majani kwa vidole, taratibu, mpaka akafika kwenye mizizi myembamba kama uzi wa kushonea. Akatoa kioo cha kukuzia akampa mama.

Imakulata anasema hatausahau wakati ule mpaka anaingia kaburini. Ncha ya kila mzizi ilikuwa imevaa kitu cheupe, laini, kama mguu wa mtoto ulivyovaa soksi. Kutoka kwenye soksi zile zilitoka nyuzi nyembamba sana, nyeupe, zikaingia kwenye udongo, zikapita chini ya majani, nyingine zikapanda mpaka kwenye shina la uyoga wa njano uliokuwa umesimama hatua mbili kutoka pale. Nyingine zilielekea upande wa mtundu wa pili. Akazifuata kwa kidole mpaka zikampotea.

Julieth akamweleza polepole. Uyoga anaouchuma ni kama tunda tu, mwili wenyewe ni zile nyuzi zilizo chini. Nyuzi zinafika mahali ambapo mzizi haufiki, zinauletea mti maji na chumvichumvi za udongo. Mti nao unapika sukari juu kwenye majani kwa jua, unaishusha chini, unazilisha nyuzi. Ardhi ya huku ni maskini, na mtundu peke yake ungepata taabu kuishi. Uyoga peke yake usingeishi kabisa. Kuhusu mti mmoja kuulisha mwingine kupitia nyuzi hizo, Julieth alisema wataalamu bado wanabishana, hivyo asije akamdanganya.

Imakulata alikaa chini palepale kwenye majani mabichi. Akakaa hapo mpaka jua likapanda. Mambo mengi yalimjia kwa pamoja: miaka yote aliyopita juu ya kitu kile akidhani anatembea juu ya udongo, bibi yake aliyekufa bila kukijua, na wale wakataji waliokwepa vijiti kwa adabu huku shoka likimaliza kazi.

"Nilimuua mama mtu," anasema, "halafu nikabaki nalinda kitanda cha mtoto."

Tangu siku ile, anasema, ameshindwa kuuzoea msitu tena. Kila akiingia anahisi kama ameingia katikati ya mazungumzo ya watu wakubwa. Anajua nyuki wa mizinga ya jirani wanategemea maua ya mitundu ileile, na maua yanategemea mizizi, na mizizi inategemea kitu alichokuwa anakitia kwenye mchuzi wa karanga. Usiku mvua ikinyesha analala akiwaza kinachoendelea chini huko, na anamshukuru Mungu kwa sauti, mtu mzima, peke yake chumbani.

Basi ukishajua kitu kama hicho, kukipoteza kunauma mara mbili. Na Agosti mwaka jana ilibaki kidogo sana akipoteze.

Ile ardhi ya ekari tano ilikuwa imechoka baada ya misimu mitatu ya tumbaku, na Revocatus ameiacha pori. Ana shamba jingine, ana bani mbili, ana watoto watano, wawili wako chuo. Kuni zimekuwa adimu. Mikaratusi aliyopanda haijakomaa, na kuni za kununua zinatoka mbali kwa trekta. Ekari tatu za nyuma ya nyumba ya shemeji yake ziko hatua mia mbili kutoka kwenye bani. Na ardhi ni ya ukoo, si ya mjane. Kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye shida, jambo lilikuwa wazi.

Revocatus ni mtu mpole, mrefu, mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa tumbaku. Hajifichi nyuma ya maneno. Anasema alikwenda kwenye kikao cha ukoo akiwa na haki yake mkononi, na shemeji yake alijua hivyo.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Luhende, mkubwa wa ukoo, baba mkubwa wa Revocatus na marehemu Sixbert. Walikuwa watu tisa, na Imakulata alikuwa mwanamke pekee aliyepewa kiti. Revocatus alieleza haja yake vizuri, bila kumvunjia mtu heshima. Akasema anajua shemeji anaupenda msitu, lakini uyoga haulipi ada ya chuo. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Imakulata mwenyewe anakiri kwamba angekuwa amekaa upande ule, naye angetikisa.

Alipopewa nafasi hakuzungumzia nyuzi wala mizizi. Alikwisha kuwaeleza habari hizo mara nyingi wakamwona kama mtu aliyepatwa na jambo. Aliomba kitu kimoja tu. Aliomba akifa azikwe mle, chini ya mtundu mkubwa.

Watu wakatazamana. Kwa watu wa huku, penye kaburi hapalimwi, na mti uliosimama juu ya marehemu haukatwi kwa kuni wala kwa mbao. Hata mpita njia asiyejua kabila lako atauacha. Hilo kila mmoja pale alilijua, na kila mmoja aliona mara moja mama anaelekea wapi.

Lakini walijua na jambo jingine. Sixbert amezikwa mbele ya nyumba, upande wa mashariki, na ubavuni pake iliachwa nafasi ya mkewe. Sementi yake ilijengwa kwa upana wa watu wawili tangu siku ile. Kwa miaka tisa kila Jumapili Imakulata amekuwa akiifagia nafasi hiyo akitoka kanisani, akiongea na mumewe, akimwambia amsubiri.

Luhende akamuuliza kama ameelewa anachokiomba, maana mtu hazikwi mahali pawili.

"Nimeelewa, baba," Imakulata alimjibu. "Sixbert nimekula naye miaka ishirini na sita. Msitu ule umenilisha toka sijamjua yeye, na umenilisha toka ameondoka. Kila kilichomo mle kinakula na kuliwa, hakuna kinachochukua tu. Mimi peke yangu ndiye nimechukua bila kurudisha. Nikifa, na mimi unile."

Wanaokumbuka kikao kile wanasema hakulia. Aliyelia ni Revocatus, na hakuna aliyemtazama.

Baadaye kidogo, akiwa bado anajifuta uso, Revocatus aliuliza swali la mtu wa shamba. Aliuliza kaburi litahitaji eneo gani, ili apate kujua yeye akate wapi na aache wapi.

"Shemeji," Imakulata akamwambia, "mizizi ya mtundu inafika mbali. Njoo kesho na kamba, upime mwenyewe."

Akaja kweli. Asubuhi, na kamba ya katani, vigingi na nyundo. Imakulata akampigisha magoti kwenye mtundu mkubwa kama yeye alivyopigishwa, akamfukulia majani, akampa kile kioo ambacho Julieth alimwachia zawadi. Revocatus amekaa na tumbaku tangu utotoni na miti kwake ni mita za ujazo. Alitazama. Akauliza zile nyuzi zinaishia wapi. Akaambiwa azifuate.

Alizifuata kwa kufukua kidogokidogo, akifukia nyuma yake, kutoka mti hadi mti, kila mmoja ukiwa na soksi zake na nyuzi zake, mpaka magoti ya suruali yakaloa. Saa nne alifika kwenye mpaka wa ekari tatu, akakaa kwenye kisiki, kamba bado imeviringwa begani. Hakupigilia kigingi hata kimoja.

"Sikuona pa kuanzia kupima," anasema leo, na anatabasamu kwa taabu. "Ukiniuliza kaburi la shemeji ni kubwa kiasi gani, nitakwambia ni ekari tatu. Na sijui kama zinatosha."

Hili halikupita bure, na si haki kulisimulia kana kwamba lilipita bure. Msimu huu Revocatus ameotesha tumbaku pungufu, bani moja imekaa baridi, na mmoja wa wale watoto wa chuo ameahirisha masomo mwaka mzima. Yule kijana hajamsalimia mama yake mkubwa tangu Oktoba. Imakulata analijua hilo, na kila wiki anampelekea mama yake kikapu cha uyoga.

Muhtasari wa kikao umepelekwa ofisi ya kijiji na kugongwa mhuri. Humo imeandikwa kwamba eneo lile ni makaburi ya ukoo, ingawa aliyemo mpaka sasa ni sifuri, na mwenye kaburi la kwanza yuko hai, anatembea peku, na meno yake yote anayo.

Kikapu kimejaa. Jua limetoka, na mvuke unapanda kutoka kwenye majani. Imakulata anatoka mitini kwa upande wa magharibi, kwenye zile ekari tano zilizoachwa pori. Visiki vya 2017 havikufa. Kila kimoja kimetoa machipukizi, mengine yamemzidi kimo, na majani yake machanga ni mekundu kama yameiva. Anapita katikati yake akiyapunguza kwa kisu, akiacha yenye nguvu mawili au matatu kwa kila kisiki. Ndiyo kazi aliyojipangia kwa miaka iliyobaki. Julieth amemwambia kwamba mitundu ikirudi, uyoga nao huweza kurudi, lakini unachukua muda wake, pengine miaka kumi, pengine zaidi, na hakuna wa kumwahidi.

Anachuchumaa kwenye kisiki kimoja, anafukua majani kwa vidole, anatazama. Anafukia. Hakuna kitu bado.

Anaulizwa kama kujua mahali atakapolala kumemtia woga. Anatikisa kichwa kukataa, anajifuta udongo kwenye kanga, na kuangalia machipukizi yaliyomzunguka.

"Sina haraka ya kuingia mle," anasema. "Kwanza nataka nile uyoga wa upande huu."